Maji Kwanza, Aksolotli Baadaye

Wacha niseme kitu ambacho kitaudhi watu wengine hapa. Kama ulinunua tangi la samaki Jumamosi asubuhi, na Jumamosi hiyo hiyo jioni tayari kuna kiumbe anaogelea ndani, wewe hujaanza kufuga. Umeanza kupanga matanga.

Najua hii homa imetoka wapi. Minecraft waliweka aksolotli kwenye mchezo mwaka wa 2021, na tangu hapo kila mtu anamtaka. Na kusema ukweli, si ajabu. Uso unatabasamu hata kama yeye mwenyewe hana habari, rangi ya waridi, na yale matamvua matatu kila upande wa kichwa kama manyoya. Ameumbiwa video. Sasa jumbe zinaingia: "Msee, aksolotli nitapata wapi hapa Meru?" "Embu kuna mtu anauza?" "Ni pesa ngapi?" Hakuna hata mmoja ameuliza swali lenye uzito: maji yangu yako tayari?

Msimamo wangu ni huu. Mtu yeyote asiye tayari kukaa na tangi tupu, lenye maji na filta inayonguruma na hakuna mnyama ndani, kwa wiki sita hadi nane, hafai kumiliki aksolotli. Hafai hata kumiliki goldfish wa kwenye mfuko wa plastiki. Na muuzaji anayekuuzia tangi na mnyama siku moja, bila kukuuliza lolote kuhusu maji, anajua utarudi wiki ijayo kununua mwingine.

Huyu mnyama ni nani hasa

Tumalize hili haraka. Aksolotli si samaki. Ni ndugu wa chura, isipokuwa yeye alikataa kukua. Chura huanza kama kiluwiluwi majini, kisha anaota miguu, anapoteza matamvua na kutoka nchi kavu. Aksolotli anaota miguu, lakini anabaki na matamvua yake na kukaa majini maisha yake yote. Mguu ukikatika, unaota tena. Ndiyo maana wanasayansi wamemfuga maabara kwa zaidi ya miaka 150, tangu wale wa kwanza 34 walipofikishwa Paris kutoka Mexico miaka ya 1860.

Nyumbani kwao porini kumebaki mahali pamoja tu, mifereji ya Xochimilco, ndani ya jiji la Mexico. Mwaka wa 1998 watafiti walikadiria 6,000 kwa kila kilomita ya mraba. Mwaka wa 2014 walikadiria 36. Soma hizo namba tena. Nchi yao imemweka kwenye noti ya peso 50, na bado anaisha. Sababu kubwa ni mbili: maji yaliyochafuliwa na jiji, na samaki wa kigeni walioletwa kwa ajili ya kufugwa. Mmoja wa samaki hao ni tilapia. Ndiyo, tilapia yetu ya kukaanga.

Kwa hivyo mnyama unayemtaka kwa sababu anapendeza ni mnyama ambaye maji mabaya yamemmaliza kwao. Halafu wewe unamleta Makutano na kumweka kwenye maji mabaya mengine, madogo zaidi, yenye kuta za kioo.

Maji kung'aa si maji kuwa salama

Hapa ndipo watu hupotea. Unafungua mfereji, unajaza tangi, maji yanang'aa kama ya chupa. Unaweka mnyama. Siku ya tatu amepoa. Siku ya tano hali. Siku ya tisa unaandika "RIP" na emoji ya kulia. Watu wanakupa pole. Hakuna anayekuuliza maji yalikuwaje.

Sikiza kinachoendelea mle ndani. Mnyama anakula, anakunya, anapumua. Kinyesi na mabaki ya chakula vinaoza na kutoa amonia. Amonia haina rangi, na kwa kiwango kinachoua hutaisikia hata harufu. Lakini inachoma matamvua. Samaki angalau matamvua yake yamefunikwa pembeni mwa kichwa. Aksolotli yake yako nje, yananing'inia, na ngozi yake inapitisha vitu kirahisi. Ni kama kumkalisha mtu kwenye jikoni ya kuni iliyofungwa dirisha na mlango, halafu unashangaa mbona anakohoa.

Mtoni mambo ni tofauti kwa sababu kuna bakteria kila mahali, kwenye mawe, kwenye mchanga, kwenye mizizi, na maji yanaenda. Kundi la kwanza la bakteria linakula amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Inaingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni, mpaka damu inageuka kahawia na mnyama anakosa pumzi katikati ya maji yenye hewa tele. Kundi la pili linakula ile nitriti na kuigeuza kuwa nitrati. Nitrati si tamu, lakini ni pole zaidi. Unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki.

Amonia, nitriti, nitrati. Hiyo ndiyo siri yote. Kama umekulia shambani, hata si ngeni. Ile mbolea ya CAN ambayo baba anawekea mahindi ina amonia na nitrati, na bakteria wa aina hii hii wako kwenye udongo wakifanya kazi hiyo hiyo tangu kabla ya babu zako kuzaliwa.

Tatizo la tangi jipya ni kwamba bakteria hao hawajafika. Au wamefika wachache mno. Wanazaliana polepole sana ukilinganisha na wale wanaochachusha uji. Wanahitaji wiki, si siku. Na hakuna njia ya kuwaharakisha kwa kuwaombea.

Wazee wa vidimbwi wanajua hii kitu

Kinachonikera ni kwamba tunaishi sehemu ambayo watu wanaijua elimu hii, na sisi tunaenda kuitafuta kwa kijana wa California.

Kumbuka ule mpango wa serikali wa kuchochea uchumi. Mwaka wa fedha wa 2009/2010 ulianza kuchimba vidimbwi vya samaki, 200 kwa kila eneo bunge, katika maeneo bunge 140, kila kimoja mita 300 za mraba. Meru na Embu zilikuwa ndani. Imenti Kusini ilipata hata kiwanda cha kuandaa samaki pale Kanyakine. Vidimbwi vingi baadaye vilikauka au kugeuka makao ya vyura, kwa sababu chakula kilikuwa ghali na soko lilikuwa gumu. Lakini waliobaki na samaki mpaka leo, nenda uwaulize walianzaje.

Watakwambia: huchimbi leo ukaweka samaki kesho. Unaweka chokaa kwanza kutuliza ukali wa udongo. Unajaza maji. Unaweka samadi. Halafu unangoja wiki moja au mbili mpaka maji yageuke kijani. Unatumbukiza mkono, na kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, hapo maji yameiva. Ndipo vifaranga vinaingia.

Si mambo yale yale kabisa na tangi la kioo. Kwenye kidimbwi, ule ukijani ni mimea midogo sana, na ndiyo inafanya sehemu kubwa ya kazi ya kula amonia, huku ikiwa chakula cha samaki. Kwenye tangi kazi hiyo inafanywa na bakteria walioshika kwenye filta. Lakini kanuni ni moja: unafuga maji kwanza, maji ndiyo yanafuga samaki. Mzee wa Nkubu ambaye hana hata simu ya kubofya anaijua. Sisi wenye intaneti ya usiku na mchana hatuijui.

Mimi sikumaliza chuo, kwa hivyo sitajifanya profesa wa biolojia hapa. Lakini hii haihitaji digrii. Inahitaji vipimo vya maji, kalenda, na kujizuia.

Wiki sita hadi nane, kwa maji yetu

Sasa kazi yenyewe. Nitaongea kuhusu maji ya huku, si ya Marekani, kwa sababu maji ya Meru na Embu hayafanani hata yenyewe kwa yenyewe.

Kama unatumia maji ya kampuni, mjini Meru au mjini Embu, yamewekwa klorini ili wewe usipate kipindupindu. Ni jambo jema. Lakini klorini haichagui, inaua pia bakteria unaotaka kuwafuga na kuchoma matamvua ya mnyama. Weka maji kwenye ndoo pana bila kifuniko kwa siku moja au mbili, klorini ya kawaida itatoroka hewani. Njia ya uhakika zaidi ni dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa wafugaji wa samaki. Ichague ile isiyo na aloe, hasa kwa aksolotli.

Kama unatumia maji ya project yanayoteremka kwa bomba kutoka msituni, mara nyingi hayana klorini, lakini mvua ikinyesha huko juu yanakuja na rangi ya chai ya maziwa. Yaache yatulie kabla ya kuyatumia. Maji ya kisima kule Mbeere yanaweza kuwa na chumvichumvi nyingi, kwa hivyo yapime kwanza. Maji ya mvua ya kutoka kwa mabati ni laini kupita kiasi. Wale bakteria wetu wanapofanya kazi wanatengeneza asidi, na maji laini hayana cha kuipinga, kwa hivyo yanachachuka na bakteria wanagoma. Changanya na maji ya mfereji au ya kisima.

Ukubwa wa tangi: lita 75 ni za kuanzia, 100 au zaidi ni afadhali. Maji mengi yanakusamehe, machache hayakusamehei. Filta ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa inatosha, tena ni nzuri kwa aksolotli kwa sababu hapendi mkondo mkali. Usiweke kokoto, atazimeza. Mchanga laini au chini patupu.

Halafu unalisha tangi tupu. Ndiyo, tupu. Unaweka chakula kidogo cha samaki kioze, au matone ya amonia safi isiyo na sabuni wala manukato, mpaka kipimo kionyeshe kama miligramu 2 kwa lita. Unapima kila baada ya siku mbili au tatu na kuandika. Mwanzoni amonia tu ndiyo itaonekana. Baada ya wiki moja, mbili au tatu, nitriti itachomoza. Itapanda mpaka uogope. Usiguse. Baadaye itaanza kushuka na nitrati itapanda. Siku ambayo unaweka miligramu 2 za amonia leo, na kesho saa hizo hizo amonia ni sufuri na nitriti ni sufuri, maji yameiva. Badilisha sehemu kubwa ya maji ili nitrati ishuke chini ya 20, kisha ndipo umtafute mnyama.

Baridi yetu itachelewesha. Bakteria wanapenda joto, na asubuhi za Julai hapa juu zinajulikana. Wiki nne za kwenye video ya mtu wa Florida zinaweza kuwa nane kwako. Tulia.

Njia ya mkato ya halali iko moja. Tafuta mtu mwenye tangi lililokaa miezi na samaki wazima, umwombe kipande cha sponji yake chafu, au aikamulie kwenye maji yako. Ule uchafu wa kahawia ndio bakteria wenyewe. Ni kama kuomba hamira kwa jirani. Ubebe ukiwa umelowa, na ufike nao haraka.

Sasa, kosa linaloua matangi mengi yaliyokuwa yameiva ni usafi wa Jumamosi. Mama anaona sponji imejaa utelezi, anaitoa, anaipiga sabuni ya unga, anaisuuza kwa mfereji, anairudisha ikinukia. Kwa nia njema kabisa. Bakteria wote wamekufa na tangi limerudi siku ya kwanza, ila sasa lina mnyama ndani. Sponji inakamuliwa tu kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Basi. Bandika karatasi hapo ukutani kama ni lazima.

Na stima ikipotea? Bakteria wanahitaji oksijeni kama wewe. Pampu ikilala saa nyingi, wanaanza kufa. Nunua pampu ndogo ya betri, usimlishe mnyama mpaka stima irudi, na ikirudi pima maji kabla ya kitu kingine.

Joto, na kwa nini milima yetu inatupa nafasi

Aksolotli anataka maji ya nyuzi 16 hadi 18. Yakipita 24 kwa muda anaanza kuteseka. Kinachochekesha ni kwamba ile baridi ya Imenti ya juu na Manyatta inayomkera mfugaji wa tilapia, maana tilapia anataka maji ya nyuzi 25 kwenda juu ndipo anenepe, ndiyo hasa aksolotli anapenda. Lakini usijidanganye. Nyumba ya mabati Februari saa saba mchana ni oveni, hata ukiwa na sweta asubuhi. Na kama uko Siakago, Kiritiri au Ishiara, bila kifaa cha kupoza maji sahau kabisa. Feni ya kupuliza juu ya maji na chupa ya barafu vinasaidia kushusha nyuzi chache, lakini hutaishi ukibadilisha chupa za barafu kwa miaka kumi.

Ndiyo, miaka kumi. Huyu mnyama akitunzwa anaishi miaka 10 hadi 15. Ukimnunua ukiwa Fomu Tatu na miaka 17, bado atakuwa anakudai minyoo ukiwa na 27. Na hapa niulize swali ambalo hakuna video imewahi kuuliza: uko bodingi? Muhula ni miezi mitatu. Nani atapima nitrati Jumatano wewe ukiwa preps? Mamako, ambaye hata hakuulizwa? Ndugu yako mdogo, ambaye atamrushia chapati?

Yale mnayonijibu kila mara

"Bro, ni samaki tu, anakufa unanunua mwingine." Sawa, basi sema hivyo kwenye video. Sema, "Leo nimenunua mnyama atakayekosa pumzi polepole kwa siku tisa, karibuni." Uone kama watu watapenda. Hatuwezi kumwita kipenzi mchana na kumwita samaki tu akifa.

"Kuna watu hawana maji ya kunywa na wewe unaongea maji ya aksolotli." Hili ndilo jibu ninaloheshimu zaidi, kwa sababu ni kweli. Kuna sehemu za Mbeere ambapo mtungi wa lita 20 ni safari ya asubuhi nzima na punda. Tangi la lita 100 linahitaji mtungi mmoja kama huo kila wiki kubadilisha maji. Kama kwenu mtungi mmoja unaumiza, usifuge. Hakuna aibu. Kama mfereji wenu unatoka, basi usimwage yale maji ya zamani kwenye mtaro, yamwagie sukuma wiki. Nitrati ni mbolea. Mimea itakushukuru.

"Vipimo ni ghali." Kwa kawaida ni ghali kuliko goldfish, kweli. Lakini unaweza kuchanga. Watu wanne wa mtaa mmoja wenye matangi wanaweza kutumia kiti kimoja cha matone kwa miezi mingi. Tunachangia mpaka keki za watu tusiowajua.

"Nimepata mtu anauza bei rahisi, bila maswali." Aksolotli yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES. Kuvuka mipaka kunahitaji kibali, na hapa Kenya wanaosimamia hilo ni KWS. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha karatasi za alikotoka mnyama huyo hajakupunguzia bei. Amekuhamishia kesi.

Tafadhali, si Kathita wala Rupingazi

Hili nalisema bila utani. Watu wakichoka na mnyama huwaza wanamfanyia wema wakimwachilia mtoni. Baridi ya mito yetu inamfaa aksolotli kuliko unavyodhani. Anakula chochote kinachoingia mdomoni: viluwiluwi, vifaranga vya samaki, wadudu. Na wanyama wa jamii ya chura wanaouzwa duniani wamewahi kusambaza ugonjwa wa ukungu wa ngozi ambao umemaliza vyura katika nchi nyingi. Kathita na Rupingazi zote mwishowe humwaga maji yake Tana.

Tuna historia hapa. Kamba wekundu wa Marekani waliletwa Ziwa Naivasha mwaka wa 1970, wakala mimea ya majini mpaka ziwa likabadilika sura. Sangara aliwekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na samaki wa asili walioangamia hatutawaona tena. Hakuna aliyeleta hao akiwa na nia mbaya. Ukishindwa na mnyama wako, mtafutie mtu mwenye tangi lililoiva. Mto si kituo cha watoto yatima.

Sasa tugeukiane sisi wenye kamera

Lawama kubwa naiweka hapa, kwa sisi tunaotengeneza kontenti. Video ya kufungua tangi jipya inafanya vizuri. Video ya kuweka mnyama inafanya vizuri zaidi. Ile mwezi mzima katikati, ya maji tu na vipimo vinavyobadilika rangi, tunaikata kwa sababu tunasema haina mvuto. Mtoto wa miaka 14 kule Runyenjes anaangalia na kuamini kwamba katikati hamna kitu. Anachukua pesa zake zote za Krismasi na kwenda kurudia alichoona. Tumemfundisha kuua kitu anachokipenda, na hata hatujui jina lake.

Na si lazima uwe na aksolotli ndipo uwe na kontenti. Kusema ukweli, karibu kila mtu anayesoma hapa hamhitaji. Anza na goldfish wawili kwenye tangi kubwa lililoiva, au tilapia wadogo, wa kwetu, wasiohitaji kibali cha kuvuka bahari. Ukiweza kuwatunza mwaka mzima na nitriti ikabaki sufuri, hapo tuongee. Ukishindwa, angalau umejua kabla ya kumfanyia hivyo mnyama ambaye porini wamebaki wa kuhesabu.

Kwa hivyo kuna kitu nataka kuona. Mtu wa Meru au Embu aweke tangi tupu kwenye kamera. Siku ya kwanza, maji na sponji. Siku ya kumi, amonia imepanda. Siku ya ishirini, nitriti iko juu na yeye amekunja uso. Siku ya hamsini, rangi ya kipimo imerudi njano, na bado hakuna mnyama. Aende kwa mzee wa kidimbwi amuulize maswali, atumbukize mkono wake mpaka kwenye kiwiko mbele yetu sote. Mimi nitaangalia kila sehemu, na nitaisambaza kwa kila mtu ninayemjua.

Na ukiwa Dallas, Makutano, Nkubu au Kangaru, na tangi lako limeiva kweli, andika hapo chini kwamba una sponji ya kukamulia watu. Usiweke bei. Jirani anayeomba hamira hauziwi.